Nyasi za Juni, Bei ya Septemba: Somo la Kuvuna na Kuuza Hei Ngara na Biharamulo

Mvua za masika zinapokatika mwishoni mwa mwezi Mei, vilima vya Ngara na tambarare za Biharamulo huwa bado vimefunikwa na kijani, na mfugaji haoni sababu ya kuwaza njaa ya ng'ombe wake. Miezi mitatu baadaye hali huwa nyingine. Nyasi zile zile zimekauka zikiwa zimesimama, nyingine zimeteketezwa na moto wa kiangazi, maji yamepungua mabondeni, na ng'ombe aliyekuwa akijaza ndoo kwa maziwa sasa hajazi hata kibuyu. Ndipo baadhi ya mifugo huingizwa mashambani mwa watu, na mingine huswagwa usiku kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambako kulisha mifugo ni kosa kisheria. Faini, kesi na uhasama kati ya mkulima na mfugaji huanzia hapo.

Somo hili linahusu njia moja ya kuuziba mwanya huo: kuvuna nyasi zikiwa bado na lishe, kuzikausha, kuzifunga marobota na kuyatunza hadi siku ya shida. Nyasi zilizotayarishwa hivyo ndizo huitwa hei. Wapo wanaoidhania hei kuwa kazi ya mashamba makubwa ya serikali, kama lile la Vikuge wilayani Kibaha, ambako trekta hukata na mashine hufunga. Mkulima wa ekari moja naye anaweza kuifanya kwa fyekeo, reki ya mti na sanduku la mbao, ilimradi ajue wakati wa kukata na ajue nani atanunua. Mambo hayo mawili ndiyo magumu. Mengine ni jasho tu.

Umri wa nyasi

Nyasi changa zina protini nyingi lakini hazina uzito. Nyasi zilizokomaa zina uzito, lakini zimegeuka vijiti. Vijidudu vinavyomeng'enya chakula katika tumbo la ng'ombe huhitaji malisho yenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi; ikishuka chini ya hapo, umeng'enyaji hupungua kasi, tumbo hubaki limejaa, na mnyama hupunguza kula hata kama malisho yamemzunguka pande zote. Hii ndiyo sababu ng'ombe hukonda mwezi Agosti katikati ya uwanda uliojaa nyasi kavu. Hana upungufu wa nyasi. Ana upungufu wa nyasi zinazoliwa.

Wakati mzuri wa kukata ni pale masuke yanapoanza kuchomoza, kabla nusu ya shamba haijachanua. Anayengoja mbegu zikomae ili apate marobota mengi hupata kweli marobota mengi, lakini ya mabua. Mnunuzi mzoefu hulitambua robota la namna hiyo kwa macho: rangi yake ni ya mchanga, haina harufu tamu ya nyasi, na mashina yake huchoma kiganja.

Ugumu ni kwamba masuke huchomoza mvua zikiwa bado zinanyesha, na nyasi hazikauki kwenye mvua. Wengi hukata tamaa hapo, au hukata nyasi wakati wa mvua na kupata ukungu. Jawabu ni kuipanga kalenda ya nyasi ifuate kalenda ya mvua. Mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili shamba lote hukatwa kwa urefu wa sentimita 10 hivi kutoka ardhini, na majani yake hulishwa mabichi. Kisha shamba hufungwa, asiingie ng'ombe wala mbuzi. Nyasi huchipua upya kwa mvua za Aprili na Mei, na baada ya wiki saba hadi tisa masuke huchomoza wakati anga linaanza kuwa jeupe. Mkato wa mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni huwa umepata mambo yote mawili: nyasi zenye lishe na jua la kuzikausha. Mwaka ambao mvua za vuli zimekwenda vizuri, shamba hilo hilo linaweza kutoa mkato mwingine katika kipindi kifupi cha jua cha Januari na Februari.

Anayetegemea nyasi za asili anaweza kufuata kanuni hiyo hiyo. Uwanda wa kijiji uliofyekwa mwanzoni mwa Juni hutoa hei yenye thamani kubwa kuliko ule uliofyekwa Agosti, ingawa robota la Agosti ni jepesi kulipata kwa kuwa nyasi zimejikausha zenyewe.

Kupanda na kutunza shamba

Nyasi inayofaa zaidi kwa hei katika mazingira haya ni Rodesi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Boma Rodesi. Ina mashina membamba yanayokauka haraka, hutambaa na kufunika ardhi, huvumilia jua, na ikitunzwa shamba moja huweza kuvunwa kwa miaka mitatu hadi mitano. Matete na guatemala ni nyasi nzuri kwa kingo za makinga maji katika miteremko ya Ngara, na hushika udongo vizuri, lakini mashina yake ni manene mno kwa hei. Hizo zilishwe mbichi au zifanywe saileji.

Mbegu ya Rodesi ni ndogo na nyepesi kama pamba, nayo ndiyo chanzo cha hasara ya kwanza kwa mkulima mgeni. Hupuliziwa mbali na upepo, na ikifukiwa kama mahindi haioti. Kilo 4 hadi 6 hutosha ekari moja. Huchanganywa na mchanga mkavu au vumbi la mbao ili isambae sawasawa, ikamwagwa katika vifereji vilivyoachana sentimita 30, kisha ikafunikwa kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 2. Wengine huburuta tawi la mti juu ya vifereji, na hilo hutosha. Shamba liwe limelimwa hadi udongo ulainike, kwani madonge huizika mbegu.

Kabla ya kununua mbegu nyingi, ni busara kuijaribu. Chembe 100 huwekwa juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, na baada ya siku 10 hivi zilizoota huhesabiwa. Zikiwa chini ya 30, ama mbegu irudishwe kwa muuzaji au kiasi cha kupanda kiongezwe. Mbegu iliyovunwa karibuni mno nayo huwa imelala. Huhitaji miezi kadhaa ya kupumzika kabla ya kuota vizuri. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), yenye makao makuu Dodoma, ni miongoni mwa taasisi za umma zinazozalisha mbegu za malisho, na afisa mifugo wa kata anaweza kuwaunganisha wakulima waagize kwa pamoja badala ya kila mmoja kusafiri kivyake.

Wiki nane za mwanzo ndizo za kufa na kupona. Magugu hukua haraka kuliko Rodesi, kwa hiyo palizi mbili ni za lazima. Mkato wa kwanza hungoja mizizi ishike, kwa kawaida miezi minne hivi tangu kupanda. Ng'ombe akiingizwa mapema, hung'oa mche mzima.

Siku tatu za jua

Kukata hufanyika asubuhi umande ukishakauka. Nyasi hutandazwa nyembamba zilipoangukia na kugeuzwa mara moja au mbili kwa siku. Kwa jua la Juni, siku mbili hadi tatu hutosha. Jioni, kama kuna dalili ya manyunyu, nyasi hukusanywa katika vichuguu vidogo na kufunikwa, kwani mvua moja juu ya nyasi zilizoanza kukauka huosha sehemu kubwa ya lishe. Waliochanganya Rodesi na mikunde kama desmodiamu au fiwi wageuze asubuhi na mapema, majani yakiwa bado laini. Jua la mchana huyafanya majani ya mikunde yakatike na kubaki chini, mkulima akabeba vijiti na kuacha chakula shambani.

Namna ya kujua kuwa nyasi zimekauka ni kuchukua fungu dogo na kulisokota kwa mikono miwili. Zikijikunja tu bila kukatika, zina maji. Zikikatika kwa mlio, na shina likikwanguliwa kwa ukucha lisitoe unyevu, ziko tayari. Wataalamu hutaka unyevu usiozidi asilimia 15 hivi. Robota lililofungwa bichi hupata joto lenyewe kutoka ndani. Huota ukungu unaoweza kumdhuru mnyama na hata mlishaji, na lundo kubwa la marobota ya namna hiyo huweza kuwaka moto bila kiberiti. Mwenye ghala jipya la hei aingize fito ya chuma katikati ya lundo mara kwa mara katika wiki za mwanzo, aiache kidogo kisha aishike. Ikitoka na joto la kuunguza mkono, lundo livunjwe na kuanikwa upya.

Kufunga hufanywa kwa sanduku. Fundi seremala yeyote wa Kabanga, Rulenge au Nyakanazi anaweza kulitengeneza: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, bila kifuniko wala kitako. Kamba mbili za katani hutandikwa ndani kabla ya kujaza, ncha zake zikining'inia nje. Nyasi hutiwa kidogo kidogo, mtu akizikanyaga, hadi sanduku lijae. Kamba hufungwa na robota husukumwa litoke. Likikanyagwa vizuri huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Watu wawili hufanya kazi hii kwa urahisi, mmoja akijaza, mwingine akikanyaga.

Marobota hupangwa juu ya chanja, yasiguse ardhi wala ukuta, chini ya paa lisilovuja. Mchwa wa wilaya hizi wanafahamika. Hawahitaji kukaribishwa mara mbili.

Hesabu ya zizi kabla ya hesabu ya soko

Kabla ya kuhesabu fedha, mfugaji ahesabu matumbo. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 anayekula hei peke yake huhitaji takriban kilo 7 na nusu kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 90, hizo ni kilo 675, yaani marobota 34 ya kilo 20. Mwenye ng'ombe wanne wa namna hiyo anahitaji marobota 136.

Tuchukulie shamba la ekari moja linatoa tani moja na nusu kwa kila mkato. Mkato wa Juni ni marobota 75, ambayo hayatoshi hata ng'ombe watatu. Mkato wa Februari ukiongezwa, jumla ni marobota 150, na baada ya ng'ombe wanne kula yanabaki 14 ya kuuza. Ng'ombe wakubwa wa maziwa, ambao hula zaidi, watayamaliza hata hayo. Hesabu hii imewekwa hapa makusudi, kwa kuwa habari za hei husimuliwa mara nyingi kana kwamba ekari moja ni mgodi. Mwenye ekari moja na ng'ombe wanne faida yake iko zizini: maziwa yasiyokatika Agosti, ndama asiyekufa, na ng'ombe asiyeuzwa mnadani kwa bei ya mifupa. Biashara ya kuuza huwafaa zaidi wale wenye ardhi lakini hawana mifugo, pamoja na vikundi vinavyolima ekari kadhaa kwa pamoja.

Wapo pia wenye hei wasiyoitambua. Makapi ya maharage, mabua ya mahindi na majani ya karanga, ambayo baada ya mavuno huchomwa moto au kuachwa, yote yanaweza kukaushwa na kufungwa kwa sanduku lile lile. Makapi ya maharage yakiwekwa mapema chini ya paa ni chakula kizuri. Mabua ya mahindi ni hafifu, lakini yakikatwakatwa na kunyunyiziwa molasi iliyochanganywa na maji, ng'ombe huyala. Hayo yakijaza sehemu ya hesabu ya marobota 136, hei bora hubaki kwa ajili ya soko.

Wanunuzi wako wapi

Mnunuzi wa kwanza yuko ndani ya kata: mwenye ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba Ngara mjini au Biharamulo mjini, ambaye kila siku humlipa kijana wa baiskeli amletee majani. Huyu hanunui marobota mia. Hununua matano kwa wiki, lakini hununua kila wiki.

Mnunuzi wa pili yuko ng'ambo ya mpaka, na hapa Ngara ina nafasi ambayo wilaya nyingi za Tanzania hazina. Oktoba 2018 Burundi ilipitisha sheria inayowataka wafugaji wafuge ndani na kukataza kuchunga ovyo. Baada ya mpito wa miaka mitatu, ilianza kutekelezwa Oktoba 2021. Rwanda nayo kwa miaka mingi imesisitiza ufugaji wa zizini, na mpango wake wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, umegawa ng'ombe kwa kaya maskini ambazo nyingi zina kipande kidogo tu cha ardhi. Ng'ombe asiyeruhusiwa kutoka lazima aletewe chakula, na nchi zote mbili zina watu wengi na ardhi haba. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo, kilichozinduliwa pamoja na daraja jipya mwezi Aprili 2016, kiko ndani ya Wilaya ya Ngara, na kile cha Kabanga kinachoelekea Kobero kiko humo humo.

Umbali ndio unaoamua faida ya hei, kuliko bei yenyewe. Hei ni nyepesi lakini hula nafasi. Robota la sanduku lenye vipimo vilivyotajwa hapo juu hujaza takriban sehemu moja ya tano ya mita moja ya ujazo. Fuso yenye nafasi ya mita 30 za ujazo hubeba marobota 140 hivi, yaani chini ya tani 3, ingawa gari lenyewe lina uwezo wa tani 7. Mwenye gari hutoza safari nzima. Kwa hiyo anayepeleka hei Kobero kutoka Mugoma hulipia kilomita chache, na anayeipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, hulipia upepo uliomo katikati ya marobota. Malori yanayorudi matupu kutoka Rwanda na Burundi kupitia Lusahunga na Nyakanazi huweza kukubali nauli ndogo, na huenda siku moja yakawa njia ya kuwafikia wafugaji wa Kahama na Shinyanga, lakini mkulima asipande shamba kwa kutegemea lori asilolijua.

Swali la Arabuni huulizwa mara nyingi, na lina msingi. Mwishoni mwa 2015 Saudi Arabia iliamua kukomesha hatua kwa hatua, katika muda wa miaka mitatu, kilimo kikubwa cha malisho mabichi kilichokuwa kikimaliza maji yake ya chini ya ardhi. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, kampuni ya maziwa ya Almarai ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha nunua mashamba Arizona, Marekani, ili kuotesha majani ya ng'ombe wake. Soko hilo lipo na ni kubwa. Hununua hata hivyo maelfu ya tani za ubora uliopimwa maabara, zilizogandamizwa kwa mitambo ili kontena libebe uzito kamili. Sanduku la mbao halifiki huko. Kwa mkulima wa Ngara na Biharamulo, soko la nje lenye maana mwaka huu ni Muyinga na Kirehe.

Karatasi na fedha za mpakani

Hei ni mmea, na kila mmea unaovuka mpaka huangaliwa kwa wadudu, magonjwa na mbegu za magugu. Tahadhari hiyo si urasimu mtupu: gugu karoti, lililosumbua wafugaji mkoani Arusha, ni miongoni mwa magugu ambayo mbegu zake husafiri na mizigo ya aina hii. Cheti cha usafi wa mimea hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na huombwa kabla gari halijapakiwa. Mnunuzi wa upande wa pili naye ndiye anayepaswa kuulizia kibali cha kuingiza mzigo nchini kwake. Muuzaji akipakia bila kukiona kibali hicho, hasara itakuwa yake, kwa kuwa marobota yanayorudishwa kutoka mpakani yamekwisha lipiwa nauli mara mbili.

Kwa mizigo midogo yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa za nchi wanachama zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Maofisa wa forodha Rusumo na Kabanga huwaeleza wafanyabiashara orodha hiyo na namna ya kujaza fomu. Njia za panya zinajulikana na kila mtu, wakiwemo askari.

Makubaliano ya bei yafanywe kwa shilingi. Mei 2023 Burundi ilishusha rasmi thamani ya faranga yake, na aliyekuwa amekopesha mzigo kwa faranga wiki moja kabla alijikuta amelipwa pungufu bila mnunuzi kumdhulumu. Mkulima mdogo asikopeshe kabisa katika msimu wa kwanza.

Inafaa pia kuuza kwa kilo, na mizani ya kuning'iniza iwepo ghalani. Wakulima wa eneo hili wanaifahamu lumbesa na jinsi inavyowapunja. Kwenye hei mambo hugeuka: robota lililokanyagwa kivivu lina umbo lile lile na kilo 12 tu, na anayepunjwa ni mnunuzi. Mnunuzi wa Kobero akipunjwa mara moja harudi, na huwaambia wenzake jina la kijiji alikonunua.

Kuhusu gharama, kila kitu kiandikwe: mbegu, palizi, vibarua wa kufyeka, kamba, usafiri wa kutoka shambani. Ikiwa, kwa mfano, gharama zote za mkato mmoja ni shilingi 150,000 na marobota yaliyopatikana ni 75, kila robota limemgharimu mkulima shilingi 2,000 kabla halijatoka ghalani. Asiyeijua namba hiyo hukubali bei yoyote ya Juni, wakati kila mtu ana nyasi, badala ya kungoja Agosti na Septemba.

Kinachoondoka pamoja na robota

Robota haliondoki na nyasi peke yake. Tani 3 za hei nzuri huchukua kutoka shambani naitrojeni inayokaribia ile iliyomo katika mifuko miwili ya urea ya kilo 50, pamoja na potasiamu na fosforasi. Mwenye ng'ombe hurudishiwa sehemu kubwa kupitia samadi, maadamu aibebe kweli na kuirudisha shambani. Anayeuza nje hurudishiwa fedha tu. Asipotenga sehemu yake kwa ajili ya samadi au mbolea, mavuno ya mwaka wa tatu humweleza alichouza. Kikundi kimoja kinaweza kukubaliana na mnunuzi wa karibu alipe sehemu ya bei kwa samadi. Gari lililopeleka hei Biharamulo mjini halina sababu ya kurudi tupu.

Kuna pia madai mengine juu ya nyasi. Sehemu nyingi za Kagera hutegemea nyasi kwa matandazo ya migomba na kahawa, na wengine kwa kuezeka. Uwanda wa kijiji ukifyekwa wote na kikundi cha hei, mwenye shamba la migomba atauliza, na ana haki ya kuuliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na Sheria Na. 13 ya mwaka 2010 inahusu maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kufyeka eneo la pamoja kipeleke ombi kwa Mtendaji wa Kijiji, lijadiliwe na kuandikwa katika muhtasari: eneo gani, mwezi gani, na kiasi gani kinaachwa kwa wengine. Makubaliano hayo yana manufaa ya ziada. Uwanda wenye watu wanaougojea Juni hulindwa dhidi ya moto, kazi ambayo mabango ya kukataza uchomaji hayajawahi kuimudu yenyewe.

Pa kuanzia

Anayekusudia kupanda mvua za vuli zikianza aandae shamba Agosti na awe na mbegu mkononi kabla ya mwisho wa Septemba. Asiye na uhakika aanze na robo ekari, au afyeke nyasi za asili za eneo lake mwenyewe na kutengeneza marobota 20 ya majaribio. Sanduku moja linaweza kutumiwa na kaya kadhaa kwa zamu.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki. Katika andiko la mradi, kamati itataka kuona shamba liko wapi na ni la nani, marobota mangapi yatapatikana kwa mkato, yatahifadhiwa chini ya paa gani, na jina la mnunuzi angalau mmoja aliyekubali. Afisa mifugo wa kata husaidia kuandaa sehemu ya kitaalamu ya andiko hilo, na huduma hiyo haina malipo.